Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Kamba Zote

Mheshimiwa,

Sisi wananchi wa Fizi na Baraka tunakusalimu kwa heshima, tukiwa tumesimama upande huu wa kamba inayofungwa barabarani mpaka tulipe.

Tunaandika kushukuru. Likizo ya mwaka 2019 familia yetu ilipanga safari ya kwenda kutazama ziwa la moto la Nyiragongo, katika Parki ya Taifa ya Virunga. Njia ni barabara ya RN5 hadi Uvira, unapanda Bukavu, halafu meli hadi Goma. Hatukuwa na tamaa ya kukwea kilele cha mita 3,470. Watoto walitaka tu kuuona ule wekundu wa usiku angani, ambao watu wa Goma walikuwa wakiutazama bure.

Vijana wako walitupunguzia safari. Kwenye kila kamba tulishushwa sote, bibi naye, kadi za uchaguzi zikakusanywa, ndoo ya ndagala ikafunuliwa, ikanuswa, ikachotwa konzi moja ya ukaguzi. Jetoni tuliyopewa baada ya kulipa ilikuwa kipande cha karatasi ya daftari, hakina bei wala jina. Kwenye kamba ya mbele hawakuitambua, tukanunua nyingine. Kufika Uvira, pesa kwisha. Tukawaonyesha watoto Tanganyika, ziwa lile lile waliloliacha nyumbani asubuhi, tukageuza gari.

Mlima haukutungoja. Tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka ubavuni, ziwa lake likamwagika kuelekea Goma. Januari 2025 mji wenyewe ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Wale watoto sasa wanaota ndevu.

Shuleni lakini wamejifunza jambo linalokuhusu. Zamani maji ya Kivu yalitiririka kwenda kaskazini. Volkeno za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa, yakapanda, hadi yakapata mlango wa kusini: ndiyo Ruzizi, inayomwagika Tanganyika. Kumbe kizuizi kikubwa kuliko vyote huku kwetu kiliwekwa na volkeno, na maji yake yanatufikia hadi leo bila jetoni! Tena kizuizi kile kilizaa ziwa zima. Vyako, Mheshimiwa, kwa faranga zote tulizolipa, vimezaa nini? Mvua ikinyesha, magari bado yanalala kwenye matope.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja: RN5 itangazwe parki ya taifa. Mlango wa parki una bei iliyobandikwa. Mgeni hulipa mara moja, hupewa risiti, na mwenye bunduki yupo kwa ajili ya kumlinda. Ukiona wenyeji hatufai kuitwa watalii, hatutagombana. Tuandike kwenye hesabu ya gorila. Gorila akivuka barabara, hakuna anayemdai kadi, na akiuawa, dunia nzima inauliza ni nani aliyemuua.

Wako mtiifu,
Mlipaji wa kila kamba, Baraka