Jinsi ya Kusomwa na Watu Wasiosoma

Sogea karibu nikupe siri. Kwenye grupu lako la WhatsApp hakuna anayesoma. Wote wanachungulia. Mmoja yuko kwenye daladala, mwingine jikoni, mwingine kitandani saa nane za usiku, mtoto kamlalia kifuani na mkono ulio huru ni mmoja tu. Usiwalaumu, nawe ukiwa upande wao hufanya hivyohivyo. Leo hatutajaribu kuwabadilisha. Tutawaibia sekunde tano, na ndani ya sekunde hizo tano wawe wameshapata kila kitu.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Niko kwenye grupu la wazazi wenye watoto wa selimundu, hapa Dar es Salaam. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Kliniki ina tarehe yake, maumivu hayana. Usiku wa manane grupu ndilo lililo macho, na ukiandika vibaya mle, anayelipa ni mtoto. Kwa hiyo fanya ujanja, tena bila aibu. Huhitaji kuwa mwandishi. Huhitaji hata kuwa na akili timamu usiku ule. Unahitaji njia za panya tu, nami ninazo.

Hatua ya kwanza: hamisha salamu

Tumelelewa vizuri mno. Hatuwezi kuomba hata chumvi kwa jirani bila kuuliza habari za nyumbani. Ndiyo maana mtu anaandika, “Habarini za usiku, ndugu zangu.” Anasubiri. Watu watatu wanaitikia. Anaandika tena, “Naomba kuuliza jamani.” Anasubiri. Mmoja anamjibu, “Uliza tu, mpendwa.” Niliwahi kufuatilia mazungumzo ya namna hiyo kwa zaidi ya robo saa, na muda wote huo mama yule alikuwa amempakata mtoto mchanga ambaye viganja na nyayo zimevimba.

Adabu usiitupe, ipeleke mwisho. Swali mbele, “Asanteni, usiku mwema” nyuma, vyote kwenye ujumbe mmoja. Simu ikiwa imefungwa, kioo huonyesha maneno machache ya mwanzo tu. Ukiyamaliza kwa salamu, yule mwenye jibu ataona ni salamu, atageukia ukutani na kulala.

Hatua ya pili: desa

Usitunge chochote saa nane za usiku. Desa. Leo, mchana, ukiwa umetulia, andika ujumbe wako wa dharura na uuhifadhi kwenye simu. Usiku utakapofika utabadilisha namba tu.

Wanaojali sana vipimo watakuuliza urefu wake. Jibu lipo tangu zamani. Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikaa nyumbani kwake Bonn na taipureta, akachapa sentensi za kila namna zilizomjia kichwani, kisha akahesabu herufi, alama na nafasi. Karibu zote zilikuwa chini ya 160. Kwa hesabu hiyo ya mezani ukapatikana ukomo wa SMS. Tumeuacha ukomo ule, na tumepoteza kitu. Urudishe wewe. Tazama huu:

“Mtoto miaka 6, kilo 18, SS. Maumivu ya miguu tangu saa 12 jioni. Joto 37.4. Kanywa parasetamoli saa 1 usiku. Tupo Mbagala. Kituo gani usiku huu kina daktari?”

Nimehesabu: 157, pamoja na nafasi. Ndani yake kuna umri, uzito, aina ya selimundu (hiyo SS), kilichoanza, muda, kilichokwisha kufanyika, mahali, na swali moja. Moja. Ukiuliza matatu utajibiwa lile rahisi kuliko yote.

Na kuna ujumbe mmoja ambao nakukataza usiuandike kabisa. Mtoto mwenye selimundu akifikisha homa ya 38.5, akipumua kwa shida, akipauka ghafla huku tumbo likivimba upande wa bandama, au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, weka simu mfukoni na uondoke kwenda hospitali. Grupu utaliandikia ukiwa benchi la mapokezi.

Hatua ya tatu: walishe sifa

Kila mtu kwenye grupu anatamani kuwa ndiye aliyejua. Mimi natamani, wewe unatamani, na admini anatamani kutuzidi wote. Hiyo ni nguvu ya bure, itumie.

Usiandike “Kuna mtu anaweza kunisaidia?” Watu 200 watangojeana, kila mmoja akidhani jirani yake ataitikia. Andika “Mliowahi kuongezewa damu mtoto akiwa chini ya miaka mitano, tafadhali.” Sasa umechagua wachache na kuwavisha cheo. Watakuja mbio, na watajibu kwa makini, kwa sababu wameitwa kwa kile walichokipitia, na walikipitia kwa machozi.

Ujanja mwingine: acha wachague. “Nimpeleke leo au nisubiri kliniki ya Jumatano?” hujibika kwa neno moja, kwa kidole gumba, ndani ya daladala lililojaa.

Ipo kanuni iliyopewa jina la Ward Cunningham, yule aliyeanzisha tovuti ya kwanza ya aina ya wiki mwaka 1995, ingawa mwenyewe amekana kuwa ni yake. Inadai kwamba ukitaka jibu sahihi kwenye intaneti usiulize, bali andika jibu la uongo, watu watakimbilia kukurekebisha. Kwa mambo ya mpira na siasa, ijaribu utakavyo. Kwa dawa, katu. Jibu lako la uongo litasambazwa na mtu ambaye hakuwahi kuona marekebisho, nalo litafika kwa mzazi mwenzako likiwa limebandikwa “kama nilivyopokea”.

Hatua ya nne: ogopa namba

Hapa nakuomba uache mzaha na uninyang’anye kila neno, kwa sababu hapa ndipo watu wazuri huumiza watoto bila kujua.

Saa. Sisi tukisema saa mbili usiku tunajua ni saa mbili baada ya jua kuzama. Lakini grupu lina shangazi aliyeko Muscat na binamu aliyeko London, na simu zao, kama yako, zinaandika 2:00 kwa kumaanisha saa nane. Ukiandika “dawa 2:00 usiku”, umewapa watu wawili saa mbili tofauti, zikipishana kwa saa sita. Andika kwa maneno: “saa mbili usiku, baada ya chakula cha jioni”. Chakula hakikosewi.

Kijiko. “Mpe kijiko kimoja” ni sentensi inayonitia baridi. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, cha mezani ni mililita 15. Na dawa ya maji ya parasetamoli inauzwa kwa nguvu zaidi ya moja: ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, ipo yenye miligramu 250 katika mililita hizohizo 5. Kijiko kilekile, dawa maradufu. Njia ya panya hapa ni nzuri kupita zote, maana haina hata neno la kuandika: piga picha ya lebo ya chupa, uitume. Lebo haisahau.

Haidroksiyurea nayo mara nyingi huja kwa kapsuli za miligramu 500, na dozi hupangwa na daktari kwa kilo za mtoto na majibu ya damu yake. Mtu akikuuliza “wako anameza ngapi?”, mjibu kwa upendo kwamba wa kwako ana kilo zake.

Ufupisho. “Xaxa mtt anaumwa xana, nmempa 2.” Mbili nini? Vidonge? Mililita? Mara mbili? Sekunde ulizookoa kwa kukata irabu umezirudisha kwa watu thelathini wanaouliza. Kata maneno mazima, irabu ziache.

Hatua ya tano: ongea, lakini simu iandike

Najua unapenda voisi. Tunaipenda sote tangu ilipoingia WhatsApp mwaka 2013, na kwa mzazi aliyechoka ni faraja kusikia sauti ya mwenzake. Lakini voisi ya dakika nne haichunguliki. Aliye kazini hawezi kuifungua, na aliye karibu na mtoto aliyelala hathubutu.

Basi ongea na kibodi. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017: gusa alama ya maikrofoni, sema, maneno yanajipanga yenyewe. Kagua namba na majina ya dawa kabla ya kutuma, huko ndiko inakokosea. Na kama moyo umejaa mno hadi ni lazima uongee, ongea, kisha andika mstari mmoja chini yake: “Nimesema hivi: tumelazwa, tunahitaji wachangiaji damu wawili kesho asubuhi.” Wenye nafasi watasikiliza kilio chako. Wenye damu watakuja.

Hatua ya sita: kosea kwa heshima

Utakosea. WhatsApp inakupa dakika 15 za kuuhariri ujumbe ulioutuma. Herufi iliyopotea, hariri kimyakimya; WhatsApp itaonyesha kwamba umehariri, lakini hakuna atakayejali. Lakini namba ya dawa usiihariri kimyakimya, kwa kuwa aliyekwisha kuisoma hatarudi kuangalia. Ifute, kisha andika upya, neno la kwanza liwe NIMEKOSEA, kwa herufi kubwa. Utaona haya kidogo. Watu watakuamini zaidi kuanzia siku hiyo, nawe utaipenda hali hiyo kuliko unavyofikiri.

Hatua ya mwisho, ambayo karibu wote huiruka

Rudi useme ilikuwaje. Watu watano walikaa macho kwa ajili yako, na wanapoamka asubuhi kitu cha kwanza wanachokitafuta ni jina lako. Usiwape hotuba, na usiwape picha ya maua ya waridi yenye “Asubuhi njema”. Mstari mmoja: “Tumetoka. Alitundikiwa dripu, maumivu yameshuka. Mlioniambia nisisubiri Jumatano, asanteni.” Wiki ijayo mzazi mgeni atatafuta neno “dripu” kwenye grupu, atakukuta wewe.

Kisha zima data, ulale. Mtoto ataamka mapema.