Shukrani kwa Meneja Aliyetulaza na Majirani

Kwa Meneja Mkuu,
Hoteli ya mapumziko iliyo jirani na bustani ya burudani,
Orlando, Florida.

YAH: SHUKRANI KWA HUDUMA YA KELELE USIKU KUCHA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima naandika kukushukuru, tena naandika hadharani, maana wema uliotutendea si wa kufichwa kwenye bahasha. Jina la hoteli yako silitaji. Chema chajiuza, na yako nimeona imejaa mpaka maegesho.

Sisi ni Waswahili tunaoishi Columbus, Ohio. Tulidunduliza, tukachukua zamu za usiku, watoto wakahesabu siku mpaka kalenda ya jikoni ikachanika. Katika matangazo yako tuliona bwawa lenye bomba la kuteleza, basi la kwenda bustanini, na kifungua kinywa pamoja na wanasesere wakubwa wanaokumbatia watoto. Hukusema popote kwamba chumba huja na redio isiyozimika. Huo ni unyenyekevu, na mfanyabiashara asiyejisifu siku hizi ni adimu.

Nianze na mlango wa katikati. Chumba chetu na cha jirani vimeunganishwa kwa ajili ya ndugu wanaosafiri pamoja. Sisi na jirani hatukuwa ndugu tulipofika. Milango yenyewe ni miwili, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao, imepeana mgongo, na yote miwili imening'inia juu ya sakafu kwa kimo cha kidole. Mwanga wao ulikuwa unaingia kwetu. Harufu ya bisi ilikuwa inaingia. Mnamo saa tano usiku penseli ya rangi, ya zambarau, ilibingirika kutoka kwao ikasimama kwenye kandambili yangu. Nikairudisha kwa kidole. Mtoto wa upande wa pili akashukuru kwa sauti ya kawaida ya kuongea, nami nikamwitikia kwa sauti ya kawaida, kichwa kikiwa bado kwenye mto.

Kupitia hapo nimepata elimu. Najua kwamba babu yao hakutaka kuja Florida, alitaka kwenda kuvua samaki. Najua kwamba goti lake la kushoto linamsumbua akitembea, na kwamba mkwe wake anaamini goti hilo huuma zaidi ikifika zamu ya kulipa. Asubuhi nilipomkuta mzee wa watu anajichukulia mayai, nusura nimpe pole ya goti. Nikajizuia. Yeye naye alinitazama kwa huruma ya namna fulani, nikakumbuka kwamba usiku ule tulijadili kwa kirefu deni letu la kadi ya benki, kwa bahati nzuri kwa Kiswahili. Ila tarakimu tulizitaja kwa Kiingereza.

Nilipiga simu mapokezi. Kijana wako ni mpole, Mungu amzidishie. Alinishauri niwashe feni ya ile mashine ya kupoza hewa iliyo chini ya dirisha, ili mvumo wake ufunike sauti za watu. Nikawasha. Ikaunguruma kama lori la mchanga linalopanda mlima Sekenke, na juu ya mngurumo huo sauti ya mkwe ikaendelea kusikika, ila sasa ilibidi apaaze kidogo ili mzee amsikie. Nilipopiga tena, tuliletewa vizibo vya masikio vya sponji, ndani ya pakiti yenye picha ya mwezi unaotabasamu. Nakushukuru kwa hivyo pia. Hoteli inayogawa vizibo inajua kabisa kinachoendelea ndani yake.

Hasira ziliponipanda nikanyanyua ngumi kugonga ukuta, mama watoto akanishika mkono. "Baba, hao hawapigi kelele," akasema. "Wanaongea tu, kama sisi."

Nikaishusha ngumi. Alisema kweli. Majirani wale hawakuvunja sharti lolote. Hawakufungulia muziki, hawakulewa, hawakugombana zaidi ya kiwango cha familia. Walifanya kile ambacho watu wanne hufanya ndani ya chumba walichokilipia. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, nimeona barua hii isiende kwao, ije kwako, maana ukuta ni wako.

Na kwa kuwa usingizi haukuja, nilikuwa na muda wa kusoma habari za kuta. Wahandisi wa sauti wana hesabu moja ya kutisha. Ukuta wowote, hata wa zege, ukiuachia uwazi wa sehemu 1 tu kwa 100 ya eneo lake, hautapunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Toa 20, zinabaki 40. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilisema kelele ya mfululizo chumbani mwa mtu aliyelala isizidi desibeli 30. Ina maana hata ungenijengea ngome, upenyo ule wa chini ya mlango ungetosha kuniletea babu, goti na mkwe.

Kuhusu ukuta wenyewe, kanuni ya majengo inayofuatwa na sehemu kubwa ya Marekani hutaka ukuta unaotenga makazi ya watu ufikie daraja la 50 la kuzuia sauti ukipimwa maabara, au 45 ukipimwa jengo likiwa limesimama. Kwenye 50, mtu akipaaza sauti upande wa pili husikii zaidi ya mnong'ono, ukisikia kitu. Kwenye ishirini na kitu, unafuata maneno yote mpaka utani. Mimi utani wa mkwe niliufuata wote, na mmoja nilicheka kwa sauti. Upande wa pili wakanyamaza ghafla.

Siri ya ukuta mzuri haijafichwa. Uzito wa ukuta ukizidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli kama 6 hivi. Ndiyo maana mtu aliyelala nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, katikati ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, hajui kama chumba cha pili kuna mgonjwa au kuna harusi. Wasioweza kujenga kwa mawe hupanga safu mbili za nguzo zisizogusana, wakajaza sufi ya kioo katikati, wakapiga mbao za jasi mbilimbili kila upande, kisha wakaziba kila tundu la soketi. Fundi wa kawaida analiweza hilo.

Ghorofani juu yetu, zulia limeondolewa, wamelaza mbao za plastiki zinazofanana na mti. Zinapendeza, na dada wa usafi anazipangusa kwa muda mfupi. Ila kisigino cha mtoto kikitua pale, mshindo haupiti hewani ukaishia njiani. Unashuka na nguzo, unaingia ukutani, unatokea kitandani kwangu. Bustani zikifungwa usiku, watoto wa juu hurudi na upanga wa plastiki na furaha ya siku nzima. Alfajiri magurudumu ya masanduku huanza, maana wageni wa hoteli huruhusiwa kuingia bustanini mapema, na hakuna mzazi aliyelipa hela hizo atakayelala mpaka saa moja.

Halafu milango ya ukumbini. Paa! Kila dakika. Paa! Najua utaniambia kuhusu sheria ya moto: mlango wa chumba cha hoteli lazima ujifunge wenyewe ili moshi usisambae. Sheria hiyo imeokoa watu, siichezei. Lakini kile kifaa cha kuufungia kina skrubu ndogo za kurekebisha mwendo, na mojawapo ni ya zile inchi za mwisho, pale mlango unapokaribia kushika kitasa. Bisibisi, dakika moja, mlango unafunga kwa adabu. Nimekaa nikiusikiliza ukumbi wenu mrefu nikijiuliza kama hoteli nzima haina bisibisi.

Kwetu Tanga harusi ya jirani ilikuwa inapiga taarabu hadi karibu na alfajiri, na hakuna aliyelalamika. Lakini kelele zile zilitanguliwa na kadi ya mwaliko, zikafuatwa na sahani ya pilau. Hapa nimekesha na watu bila hata kipande cha andazi.

Sasa nije kwenye pongezi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nyinyi watu wa biashara ya bustani ni mabingwa wa sauti. Sijaona wengine duniani. Mtu akitembea bustanini, muziki wa zamani za wachunga ng'ombe wa Magharibi ya Marekani unamsindikiza mpaka darajani, na akivuka daraja anapokelewa na ngoma za msituni, bila miziki miwili kugongana. Spika zimefichwa kwenye vichaka na kwenye miamba ya bandia. Kuna mtu amelipwa mshahara kuamua sauti ya kinubi iishie kwenye nguzo gani. Disneyland ya California mwaka 2004 ilianza kurusha fataki zake kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya baruti, moshi ukapungua na kishindo cha kuzirushia kikapungua. Huko huko kwenu Florida, tangu Oktoba 1971 iko hoteli ambayo treni hupita ndani yake, katikati ya ukumbi, na watu huipiga picha wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi. Wenzenu wa New York nao, kwenye uwanja wa ndege wa JFK, walifungua TWA Hotel mwaka 2019, ndege zinaruka mbele ya dirisha, wakaiwekea vioo vyenye unene wa inchi 4.5 kwa jumla. Mgeni anaitazama ndege inaruka kama anatazama samaki kwenye tangi.

Kwa hiyo siwezi kukutukana kwa kusema hamjui. Mnajua. Mlikaa mezani, mkaangalia bei ya ukuta na bei ya bomba la kuteleza, mkachagua bomba. Bomba linapigika picha. Ukuta haupigiki. Mgeni huchagua hoteli akiwa sebuleni kwake mbele ya simu, na hakuna picha inayosikika. Akifika amechelewa, akikesha ameshalipa, na hata akiapa kutorudi, watoto wake watakua, na biashara tayari imeshapata watoto wa wengine. Hesabu hii ni safi, na nakiri sioni kosa ndani yake isipokuwa macho yangu mekundu katika kila picha tuliyopiga na yule mwanasesere wa sungura.

Kuna jambo moja limenifurahisha zaidi ya yote. Kule Uingereza, majirani wa bustani ya Alton Towers waliipeleka mahakamani kwa sababu ya kelele, na mwaka 2004 mahakama ikaamuru kelele zipunguzwe. Hao walikuwa watu wa nje ya ua, ambao hawakulipa hata senti. Mimi niliye ndani ya ua, niliyelipa chumba, maegesho na ile ada yenu ya kila siku ya huduma za hoteli, nimepewa sponji. Nikija tena nitaomba nihesabiwe kuwa jirani.

Nilitaka kukupendekezea muuze ukimya kama mchezo mwingine: foleni ya saa moja na nusu, kipimo cha urefu mlangoni, mgeni anaingia kwenye chumba kisichosikika kitu, analala kwa dakika nne, na akitoka anauziwa picha yake akiwa amefumba macho. Mwenye haraka angelipa zaidi aruke foleni. Mama watoto amenikataza kuendelea na wazo hili. Anasema mtalifanya.

Basi niombe ya kawaida. Nunueni ufito wa mpira wa kuziba chini ya milango ile ya katikati, upande wetu na upande wao. Mtumeni fundi apite na bisibisi ukumbini. Ghorofa za juu rudisheni zulia, angalau pale kitanda cha mtu wa chini kilipo. Na kwenye tangazo, baada ya picha ya bwawa, andikeni daraja la ukuta wenu kwa tarakimu, kama mnavyoandika kina cha maji ili watoto wasizame. Mkiona tarakimu hiyo inatia aibu kuiandika, basi mtakuwa mmeshanijibu.

Hayo yakishindikana yote, shusheni bei, maana chumba ambacho usiku hatulali ndani yake ni stoo ya mabegi, na bei ya stoo inajulikana. Ama mpunguze bei, ama mzibe mlango. Mlango ni rahisi zaidi.

Wako mtiifu,
Mgeni wa chumba cha kona, ghorofa ya tatu.