Dizeli Kuukuu na Ufundi wa Uani

Gari la dizeli la zamani ni gari ambalo injini yake haina plagi za cheche wala kompyuta. Hewa huingia kwenye silinda, pistoni huikandamiza mara 20 hivi au zaidi, hewa hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500, na nozeli inapopuliza mafuta humo, yanajiwakia yenyewe. Rudolf Diesel alilithibitisha jambo hili kwa injini iliyofanya kazi barabara mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na kanuni haijabadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni mazingira. Diesel alikuwa na kiwanda, wahandisi na sakafu ngumu. Mrithi wake wa Mbagala au Kisauni ana ua wa mchanga, jeki ya kuazima, na kamba ya nguo iliyopita juu kabisa ya boneti.

Magari yenyewe yanajulikana. Kuna Toyota Hilux na Hiace za injini ya 2L na 3L. Kuna Land Cruiser za mkonga zenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, iliyotoka mwaka 1990. Kuna Land Rover, na kuna Mercedes-Benz 240D ambayo baba wa familia aliinunua kwa mtu aliyekuwa anastaafu, na ambayo hakuna anayethubutu kutamka mbele yake kwamba iuzwe. Sifa yao kubwa ni uvumilivu. Gari la siku hizi likikosewa kidogo huwasha taa na kugoma. Dizeli kuukuu huendelea kutembea. Hutembea na filta iliyoziba, hutembea na oili ya mwaka juzi, hutembea na nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza. Uvumilivu huo ndio chanzo cha karibu mikasa yote, kwa kuwa humpa mwenye gari muda mrefu wa kuamini kwamba analitunza.

Vifaa vya kuanzia si vingi: spana za namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi, plaizi, dumu lililokatwa ubavu, na kipande cha boksi cha kulalia. Spana namba 10 haipaswi kuhesabiwa miongoni mwa mali za nyumba. Inanunuliwa kila mwezi kama umeme wa LUKU. Kifaa pekee kisichohitaji kuazimwa ni mshauri. Boneti ikishafunguliwa, mshauri hutokea hata kama mtaa mzima ulikuwa umelala. Yupo mjomba aliyewahi kuendesha lori la Zambia, ambaye kila tatizo alishalikuta Mlima Kitonga usiku wa mvua. Yupo kijana aliyetazama video. Na yupo mzee wa nyumba ya pili, ambaye hukaa kimya juu ya kiti chake cha plastiki kwa saa nzima, halafu anasema, "Hiyo ni upepo tu," na kurudi ndani. Ubaya wa mzee huyu ni kwamba mara nyingi huwa amepatia.

Hupatia kwa sababu sehemu kubwa ya maradhi ya dizeli kuukuu huingilia kwenye njia ya mafuta, na maradhi hayo ni matatu: uchafu, maji na upepo.

Uchafu hushughulikiwa na filta, ambayo hubadilishwa kwa wakati katika vitabu tu. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hujikusanya chini ya kikombe cha filta, penye kifundo cha kuyatolea. Njia ya kuyatambua ni kukinga mafuta kwenye chupa nyeupe ya plastiki na kuiacha itulie usiku mzima: asubuhi maji yataonekana chini, yamejitenga kwa mstari ulionyooka. Utaratibu huu ni sahihi kabisa ila una kasoro moja ya kinyumbani. Chupa ikiachwa dirishani pa jikoni, aliyeamka wa kwanza huitumia kuwashia jiko la mkaa, na mwenye gari anapokuja kukagua ushahidi, ushahidi umeshachemsha maharage.

Kuna pia mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo ulienea kiasi cha mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta nchini Tanzania mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Injini ya zamani huyachoma mafuta hayo bila manung'uniko. Anayeumia ni pampu, kwa sababu pampu nyingi za aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu. Pampu ikishaanza kulika, ua umefika mwisho wa elimu yake. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kupimia, na bei yake humfanya mwenye gari aulize kama gari zima lina thamani hiyo.

Upepo unahitaji maelezo marefu kidogo. Dizeli husukumwa kwenda kwenye nozeli kwa mgandamizo mkubwa, na povu la hewa likiingia kwenye mabomba, pampu hugandamiza povu badala ya mafuta, nozeli hazifunguki, injini haiwaki. Upepo huingia filta inapobadilishwa, mpira wa mafuta unapopasuka, au, na hii ndiyo njia maarufu zaidi, tangi linapokauka. Gari linalowekewa mafuta ya elfu kumi kila mara, kisha likaegeshwa mahali pa mteremko, linajitafutia upepo lenyewe.

Kutoa upepo huanzia kwenye pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Kiganja hubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia. Mwanzoni kifundo ni laini na hakina ubishi wowote. Mafuta yanavyofika, kinaanza kusukuma kiganja nyuma, mpaka kinakuwa kigumu na kidole gumba kimechubuka. Ikiwa hakigeuki kuwa kigumu hata kidogo, kuna tundu mahali fulani kati ya tangi na filta, na kipande cha mpira unaoonyesha ndani kikiungwa hapo kitaonyesha mapovu yakipita. Baada ya hapo nati za mabomba kwenye nozeli, namba 17, hulegezwa kidogo, na mtu mwingine hupiga stata mpaka mafuta yaruke penye kila nati bila mapovu. Nati hukazwa, injini huwaka. Kitabuni, kazi imekwisha.

Uani, yote hutegemea yule mtu wa stata. Kwa kawaida ni mpwa. Kanuni aliyofundishwa ni moja: asipige mpaka aambiwe.

"Mjomba, nipige?"

"Bado!"

"Eti?"

"Nimesema bado!"

Wakati huohuo nyumba ya jirani wanatazama mpira, mshambuliaji amebaki na kipa peke yake, na sebule nzima inanguruma, "Piga!" Mpwa ni kijana mtiifu. Dizeli hutoka kwenye nati ya pili, hupita usoni mwa mjomba, na kumalizikia kwenye kanga za shangazi zilizoanikwa asubuhi. Harufu ya dizeli kwenye kanga haitoki kwa sabuni ya kawaida. Hutoka kwa muda, na muda huo haupungui kwa kuomba radhi.

Hapa inafaa kutaja jambo lisilo la mzaha. Mafuta yanayovuja kwenye nati iliyolegezwa ni ya kufuta kwa kitambaa tu; lakini nozeli ikitolewa ili itazamwe inavyopuliza, mkono usiwekwe mbele yake hata kwa sekunde. Inafunguka kwa bar zaidi ya 100, na mpulizo wake hutoboa ngozi na kuyaingiza mafuta mwilini. Kidonda kinaonekana kidogo kama tundu la sindano na ni cha kwenda hospitali papo hapo.

Upepo ukichelewa kutoka, betri huchoka, na washauri kwa kauli moja huamua gari lisukumwe. Ieleweke kwamba dizeli yenye upepo haiwaki kwa kusukumwa, hata ikisukumwa hadi Chalinze. Hilo halijawahi kuzuia msukumo wowote. Watoto hukusanyika, gari hufika mwisho wa barabara, pale mteremko unapoishia, na mwenye gari hurudi kwa miguu kuchukua spana akiwa anadaiwa soda na timu nzima.

Hita plagi ndizo zinazopasha moto chumba cha mwako kabla injini haijawashwa. Pwani ni vigumu kujua kwamba zimekufa. Kwa joto la Dar es Salaam injini huwaka kwa kusuasua kidogo na moshi mweupe, na mwenye gari huliita hilo tabia ya gari. Ukweli hujulikana mwezi wa saba, alfajiri, Njombe, gari limejaa watu wa harusi waliovaa tayari. Kuzipima ni rahisi: kibalbu cha indiketa, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha hita, kikiwaka, hita ni nzima. Lakini ule upapi wa chuma unaoziunganisha hita zote lazima utolewe kwanza. Usipotolewa, hita moja nzima itawawashia kibalbu marehemu wote watatu, na safari ya Njombe itaondoka na cheti cha afya.

Injini ikishawaka, huanza kusema kwa moshi. Mweusi maana yake mafuta ni mengi au hewa ni kidogo: itazamwe kwanza filta ya hewa, ambamo panya wa ua hupenda kuzalia. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni nozeli mbovu, au maji yanayopenya kutoka kwenye hedi, na hapo rejeta nayo huanza kutoa mapovu na gari kuchemsha. Hedi iliyopasuka si ugonjwa mgeni kwa injini za 2L, hasa zile zenye turbo. Kubadilisha gasketi uani kunawezekana. Kinachoshindikana ni kuirudisha hedi kabla mvua haijanyesha.

Kumwaga oili ni kazi ambayo kila mtu anaamini anaiweza. Injini ya 2L hubeba kama lita 6. Dumu lililokatwa ubavu ni la lita 5, na kwa kuwa limelazwa, halichukui hata hizo. Hesabu hii hufanywa mtu akiwa chini ya gari, kifuniko kimeshaponyoka vidole kwa moto na kuzama ndani ya dumu, na ndipo beseni la mtoto huitwa kazini. Wenye 1HZ, inayokaribia lita 10, huanza na beseni moja kwa moja. Oili mpya hugeuka nyeusi ndani ya safari chache, na aliyeinunua huenda dukani kudai ameuziwa iliyotumika. Hajaibiwa. Masizi ya dizeli hubaki kwenye injini hata oili ikimwagwa, na kazi ya oili ni kuyabeba. Ile chafu wengi huipaka nguzo za ua kuzuia mchwa, jambo ambalo mwenye kisima jirani halifurahii, wala hapaswi.

Mkanda wa taiming kwenye injini za 2L hubadilishwa kila kilomita 100,000, na Toyota iliweka taa maalumu kwenye dashibodi ya kukumbusha. Katika magari mengi taa hiyo iliwahi kuwaka, ikamkera mtu, ikatolewa balbu. Saa ya kilomita nayo imesimama. Mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni, na hakuna mshauri anayebaki uani siku hiyo.

Linabaki suala la kuzima. Injini ya petroli hunyimwa cheche ikazimika. Dizeli haina cheche ya kunyimwa, hivyo lazima inyimwe mafuta au hewa. Ikijazwa oili kupita kiasi, au turbo ikivujisha oili upande wa hewa, inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe, na hapo injini hupanda mwendo bila kukanyagwa na ufunguo hausaidii kitu. Gari la gia za mkono huzimwa kwa kuweka gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia klachi. Vinginevyo mdomo wa hewa hufunikwa kwa kitu kigumu na bapa. Kitambaa humezwa, na mkono usipelekwe pale kabisa. Kibao cha chapati kinatosha vizuri, na ni vyema kiombwe baadaye.

Mercedes 240D ina namna yake. Huzimwa kwa mvutano wa hewa unaopita kwenye vijimpira vyembamba, na vikizeeka, dereva hutoa ufunguo, hufunga mlango, na gari hubaki likinguruma. Chini ya boneti kuna wenzo ulioandikwa STOP, wa kubonyeza kwa mkono mpaka injini inyamaze. Kwa hiyo mzee mwenye suti hufika msibani, hushuka, hufungua boneti mbele ya waombolezaji wote, huinama, na vijana wanne hukimbia kumsaidia wakidhani amepata hitilafu. Akishauriwa kutengeneza, hujibu kwamba mwizi anaweza kuliwasha lakini hawezi kuliegesha. Vijimpira hivyo ni bei ndogo na hubadilishwa kwa vidole, bila spana. Kwanza hukaguliwa kile kinachotoka kwenye pampu ya mvutano, kisha vya milango, kwa sababu kwenye magari yaliyofungwa loki za hewa mfumo ni mmoja, na tundu la mlango wa nyuma linaweza kuizuia injini isizimike.