Sifa za Betri Isiyokaa na Chaji

Simu yenye kamera nne imeshasifiwa vya kutosha. Mfumo mpya wa kompyuta husifiwa hata kabla haujamaliza kupakuliwa. Betri ya laptopu ndiyo haijapata wa kuitungia hata ubeti. Na ikitokea mtu kasasisha mfumo usiku, asubuhi akakuta chaji iliyozoea kumfikisha saa nane mchana sasa inamwacha njiani saa nne na nusu, betri ndiyo inayotukanwa kwanza: imekufa, imechoka, ni takataka. Nimeona niisimamie. Mwandishi wa kale Lucian wa Samosata aliwahi kumtungia nzi sifa kwa Kigiriki safi, na nzi hutua juu ya chakula. Betri yangu haijawahi.

Sifa huanza na nasaba, na kwenye nasaba hatuna wasiwasi. Ukoo huu unaanzia kwa Alessandro Volta, Mwitaliano aliyepanga visahani vya zinki na fedha kwa kupokezana, akaweka katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, kisha mwaka 1800 akaiandikia Royal Society ya London kueleza alichokipata. Tawi la lithiamu-ioni liliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony. Mwaka 2019 wazee watatu wa tawi hilo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Goodenough alikuwa na miaka 97, mzee kuliko yeyote aliyewahi kuipokea Nobel, na alipofariki mwaka 2023 alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza 101. Baba alikaa na chaji kuliko mtoto.

Kwa upande wa kuumeni tumemaliza. Kwa upande wa kukeni, betri ni ya huku kwetu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na shina lake liko Kolwezi na vitongoji vyake, ambako Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni na machimboni. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba laptopu iliyokuzimikia katikati ya ripoti ina chembe iliyotolewa ardhini na mtu ambaye mngeamkiana bila mkalimani. Baadhi ya wachimbaji hao huteremka kwenye mashimo yasiyo na nguzo hata moja. Hapo utani unanikauka kidogo mdomoni, lakini ndiyo sababu nyingine ya kutoiita betri takataka.

Ukoo ndio huo. Tuje kwenye tabia, na tabia yake kubwa ni kwamba haijui kuficha. Kila kitu kingine ndani ya mashine kina sababu ya kukuvungia. Mfumo mpya unakukaribisha na picha ya mlima wenye theluji, madirisha yenye kona za mviringo na ujumbe kwamba kila kitu kiko tayari. Hakiko tayari. Kwa siku mbili tatu zinazofuata mfumo huo ni kama shangazi aliyekuja kukaa wiki: atafungua kila kabati na kufunua kila sufuria aone kuna nini. Faili zote zinasomwa upya ili ziingizwe kwenye faharasa ya utafutaji. Kinga ya virusi inakagua kila kilichoguswa. Picha za harusi ya mwaka 2017 zinachambuliwa sura kwa sura, mashine ijue bwana harusi ni yupi. Hifadhi ya mtandaoni nayo inahakiki kwamba ulichonacho huku ndicho ulichonacho kule. Yote haya yanafanyika skrini ikiwa imetulia tuli kama maji ya mtungi, na wewe unaandika barua ya kurasa mbili.

Nani anakuambia? Betri peke yake. Feni nayo hulalamika, lakini feni ni mpiga kelele, haina takwimu. Betri ndiyo iliyowafanya watu ambao hawakuwahi kusomea kompyuta wafungue orodha ya programu zinazofanya kazi na kukutana na wafanyakazi wa zamu ya usiku: wenye Mac wakawajua mdworker na photoanalysisd, wenye Windows wakawajua SearchIndexer na TiWorker. Bila chaji kuisha haraka, nani angewauliza hawa kazi yao nini?

Na hesabu zake ni za wazi. Tuseme umenunua laptopu ya mtumba, ile inayosemekana imetoka Dubai na ilikuwa ya ofisini tu, haijatumika sana. Betri yake kiwandani ilikuwa na watisaa 50. Leo ikijaa hadi asilimia 100, inabeba watisaa 31. Ukisoma na kuandika kwa utulivu, mashine inakula wati 8, kwa hiyo unapata karibu saa nne, na unaishi ukiamini una betri nzuri. Umesasisha mfumo, shangazi ameingia, sasa mashine inakula wati 16. Saa nne zinakuwa chini ya mbili. Kwenye betri hakuna kilichobadilika. Ilikuwa na upungufu ule ule jana, ila jana hakuna aliyeitoza.

Kuujua upungufu huo hakuhitaji fundi. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika powercfg /batteryreport, na mashine inakutengenezea ukurasa wenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, uwezo wake wa sasa ikijaa, na mara nyingi idadi ya mizunguko ya chaji iliyokwisha kupitia. Kwenye Mac taarifa za aina hiyo ziko katika ripoti ya mfumo. Ni waraka mfupi na hauna adabu. Muuzaji alisema, "Hii inakaa saa sita, bosi," na waraka unasema ilikuwa inakaa saa sita enzi za mwenye mali wa kwanza.

Historia inaitetea betri vizuri tu. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na miezi michache baadaye malalamiko yakajaa kwamba imeua betri za watu: mashine zilizokuwa nzima juzi sasa zinaleta onyo la kumshauri mwenyewe afikirie kubadilisha betri. Steven Sinofsky, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Windows, aliandika Februari 2010 yale waliyoyaona baada ya kuchunguza. Windows 7 ilikuwa inafanya jambo ambalo matoleo yaliyotangulia hayakulifanya: kuiuliza betri yenyewe uwezo wake wa sasa, kuulinganisha na ule wa kiwandani, na kutoa onyo uliobaki ukishuka hadi asilimia 40. Betri zile zilikuwa mahututi tangu siku za mfumo wa zamani. Kosa la mfumo mpya lilikuwa kusema.

Sitaki mtu adhani nimehongwa, kwa hiyo nitaje na mwaka 2011, ambapo mambo yalikuwa kinyume. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, toleo 2.6.38 ilipotoka, laptopu nyingi zilianza kula umeme kuliko zamani. Michael Larabel wa tovuti ya Phoronix alipima toleo baada ya toleo hadi akafika kwenye ASPM, utaratibu unaozisinzisha njia za PCI Express pale ambapo hazina cha kupitisha. Kerneli mpya ilikuwa inauzima utaratibu huo kwenye mashine ambazo BIOS yake haikuutangaza sawasawa. Baadaye Matthew Garrett aliandika marekebisho. Safari hiyo mfumo ndio uliokuwa na hatia, na shahidi aliyeufikisha kizimbani ni yule yule anayeitwa takataka.

Betri ina sifa nyingine ambayo wengi huichukulia kuwa ugonjwa, nayo ni kukesha. Laptopu za zamani ukizifunga zililala usingizi wa kweli, zikabakisha umeme kidogo tu wa kushikilia kumbukumbu. Nyingi za siku hizi husinzia jicho moja wazi, kama simu, zikiendelea kupokea barua na masasisho. Unafunga saa kumi na mbili jioni ikiwa na asilimia 80, unaitia mkobani, unapanda daladala, na ukifika nyumbani mkoba una joto la chapati. Asilimia zimekwenda wapi? Zimekwenda kazini, wewe ukiwa umesimama unashikilia bomba. Amri ya powercfg /a itakuonyesha mashine yako inajua usingizi wa aina gani, na anayetaka ilale kabisa anachagua ile hali ya kuhifadhi kila kitu kwenye diski na kuzima. Lakini nani mwenye moyo wa kumlaza mfanyakazi hodari hivyo?

Ni kweli wako wanaotaka kuiponya, na uponyaji wake una madhehebu. Wa kwanza watakuambia uiweke kwenye friji. Usiiweke; unyevu utamaliza kile ambacho uzee haujamaliza. Wengine watakuambia uimalize hadi izime, uijaze, urudie tena na tena mpaka izaliwe upya. Kinachorekebishwa hapo ni kipimo tu, asilimia unayoiona ifanane na chaji iliyomo. Uwezo uliokwenda haurudi, kwa sababu umeliwa na kemia: utando unaokua ndani ya seli mwaka hadi mwaka, hasa betri ikikaa imejaa pomoni kwenye joto, ambayo ndiyo hali ya kila laptopu inayoshinda kwenye chaja mezani mwezi wa Januari Dar es Salaam. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kitufe cha kuikomesha chaji kwenye asilimia 80.

Dhehebu la tatu, lenye watu wachache na wasio na mbwembwe, husema hivi: iache ikiwa imechomekwa usiku mmoja au miwili, shangazi amalize kufunua masufuria. Izime na kuiwasha upya. Angalia mwangaza wa skrini, maana masasisho yana tabia ya kurudisha mipangilio ya umeme ilivyokuwa mwanzo, na skrini ni mlaji mkubwa. Tafuta draiva mpya kwa aliyeitengeneza laptopu, si kwa tovuti yoyote inayong'aa. Tazama ni programu gani imejipa ruhusa ya kuamka pamoja na mashine. Baada ya wiki, ikiwa wati hazijashuka, mlaumu mfumo; zikiwa zimeshuka na saa bado ni chache, kanunue betri. Ushauri huu ni sahihi na unachosha, na unamnyima mtu raha ya kulalamika.

Raha hiyo si ndogo, na hapa ndipo ninapofikia fadhila zake katika jamii. Ingia kwenye ukumbi wa mkutano wowote wenye watu ishirini na soketi mbili. Wenye betri nzima wanakaa popote, kama abiria. Mwenye betri chovu anafika mapema, anapata kiti cha ukutani, na ndani ya nusu saa amekuwa mtu wa maana: kila anayetaka umeme anapitia kwake. Anajua nani ana ekstensheni, nani ana chaja ya pini mbili iliyotoka Ujerumani. Huyo wa pini mbili utamwona akitoa kalamu mfukoni na kuitumbukiza kwenye tundu la juu la soketi ili vifuniko vya yale mawili ya chini vifunguke. Vifuniko hivyo viliwekwa ili kitu kisichostahili kisiingie. Tundu la juu ni la waya wa ardhini, na pini inayoingia humo ndiyo inayovifungua. Ni ustadi unaorithishwa kwa kutazamana, nami sitausifu, maana adapta ni bei ya chipsi.

Kuna na jambo jingine ambalo sitalisifu hata mnilipe. Betri ikivimba, padi ya kugusa ikainuka, au kifuniko cha chini kikaacha mwanya ambao haukuwapo, sifa zimekoma hapo hapo. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze, usiitoboe kutoa hewa, peleka kwa fundi anayejua. Betri ya namna hiyo imevuka mpaka wa uchovu, inaweza kushika moto.

Zinazobaki, zile zilizochoka kwa heshima, nawaomba msiharakishe kuzibadilisha. Nawajua majirani zangu waliobadilisha. Mmoja wao alikuwa na laptopu ya dakika arobaini, na kwa sababu ya dakika hizo arobaini hakuna kikao kilichomweka zaidi ya ajenda ya tatu. Alisimama, akaonyesha kitaa chekundu, akaaga kwa masikitiko, na mwenyekiti akamwelewa. Sasa ana betri mpya ya saa saba. Kikao cha juzi kilipofika kwenye mengineyo, mwenyekiti aliangaza macho ukumbini akamwona, akasema, "Wewe si una chaji? Andika muhtasari."