Jiji Limepanda, Keki Imeshuka

Eldoret ilipokabidhiwa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, keki nazo zilijipandisha cheo. Iliyokuwa ikiuzwa kwa kipande sasa ina ghorofa tatu, maua ya sukari na bei ya mbuzi.

Shida ni hewa. Jiji liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko keki huumuka upesi kabla haijashika, na mwokaji asiyepunguza bekin pauda hutoa keki yenye bonde katikati. Bonde hufukiwa kwa krimu, kisha huitwa mtindo.

Upande wa Kapseret, kwenye uwanja wa ndege wa kimataifa, ndege hushuka kwa mpango zaidi. Kule mtaa wa Langas mama wa mandazi hana habari na hati wala krimu. Anasukuma, anakata, anatumbukiza, yanafura yenyewe.

Na ngano? Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, huivuna kwa kombaini, lakini Kenya huagiza nje sehemu kubwa ya ngano inayokula. Basi huenda mkulima wa Kapseret, shamba likiwa mlangoni, anakunywa chai kwa mkate wa unga wa Urusi, na bado analalamika kwamba vijana wanapenda vya kigeni.