Sifa za Pipa la Taka

Hakuna mteja mwaminifu kama pipa la taka katika mikahawa ya nje ya Nateete, kando ya barabara ya Masaka, Kampala. Hufika kabla meza hazijapangwa, huondoka wa mwisho, wala halijapata kulalamika kwamba nyama haikuiva. Hupokea mifupa ya muchomo, maganda ya gonja, majani ya mgomba yaliyofungia luwombo na karatasi za rolex, ile chapati ya mayai, zinazochuruzika mafuta. Pamoja na adabu zote hizo, mwenye mkahawa huhangaikia viti wiki nzima, na pipa hukumbukwa jioni ya kufungua.

Pipa lenye nasaba ni la chuma, lile la mafuta la lita 200. Likikatwa katikati huzaa ndugu wawili: mmoja hutiwa makaa na kuchoma nyama, mwenzake hungoja mifupa. Plastiki haina ukoo wa namna hiyo. Ila la chuma huota kutu, na kulimwaga kunataka watu wawili. La plastiki lenye magurudumu husukumwa hata na mwosha vyombo aliyechoka.

Kifuniko ndicho chenye kesi. Kaloli, yule korongo mwenye upara anayefikia kimo cha mita moja na nusu, hulihusudu pipa lililo wazi na huliinamia kwa heshima zote. Lakini kifuniko cha kuinua nacho humshinda mlaji aliyeshika kijiti cha nyama mkono huu na soda mkono ule; mfupa ataulaza juu yake. Kinachofaa ni kifuniko cha kubembea, kinachosukumwa kwa kiwiko.

Pipa lifungwe kwa mnyororo. Wezi wapo, na mfereji wa Nalukolongo ukifurika, pipa jepesi hufunga safari likigawa mali yake mlango kwa mlango.

Mapipa yawe mawili. Maganda ya ndizi yakitengwa na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, wafugaji wa mbuzi na ng'ombe huyachukua. Yakichanganywa, hupakiwa lori kwenda jaani. Kiteezi, lililokuwa jaa la jiji tangu 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Takataka zilizolundikana hapo kwa miaka zilikuwa na maganda tele. Mwenye nafasi ya pipa moja tu na aondoe meza moja.