Barua ya Wazi kwa Watunga Leseni za Swichi

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Tunduma, mkoa wa Songwe. Tunawapongeza. Sisi tunaishi mpakani na bado tunahangaika kuupunguza mpaka wetu. Ninyi mmefanikiwa kuupandikiza wenu ndani ya kabati la mitambo.

Oktoba 2019 marais wawili, John Magufuli na Edgar Lungu, walikuja hapa kuzindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde. Zamani lori lilikaguliwa na Tanzania, likasogea, likakaguliwa tena na Zambia. Sasa maofisa wa nchi zote mbili wanakaa upande mmoja na gari linasimama mara moja. Foleni haijaisha, nisiwadanganye. Ila serikali mbili, zenye sheria mbili na sarafu mbili, zimekubali kufanya kazi chini ya paa moja.

Njooni sasa kwenu. Tuseme wakala wa forodha hapa mjini ana swichi ya mtandao, Catalyst 9300 ya poti 48, leseni yake Network Advantage, ile ya daraja la juu. Biashara imekua, anaongeza ya pili: muundo uleule, kiwanda kilekile, toleo la programu lilelile. Leseni tu ndiyo Network Essentials, maana ndiyo aliyoimudu. Fundi anachomeka nyuma zile kebo zinazoweza kufanya swichi nane ziwe kama moja, chini ya kiongozi mmoja. Kiongozi hamuulizi mgeni ana uwezo gani, anamuuliza cheti. Vyeti visipolingana, mgeni haingii kundini. Feni inazunguka, umeme unaliwa, poti 48 zinakodoa macho.

Na hakuna kinachokosekana! BGP, itifaki ya kuelekeza njia kati ya mitandao, na mambo yote ya daraja la juu yamo ndani ya programu ileile. Fundi akibadili kiwango cha leseni kwa amri moja, akaiwasha upya, mgeni anaingia, na deni la leseni linaingia naye. Akiona deni ni kubwa, aishushe ile ya gharama ilingane na ya bei nafuu. Hata ofisa mkali kuliko wote hapa Tunduma hajawahi kumwambia dereva aliyelipa ushuru wote akajifanye hakulipa, ili wa nyuma yake apite.

Msiseme reli nazo hazilingani. TAZARA, inayopita hapahapa, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Kwa sababu ya milimita 67, Kidatu pakawekwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hili hadi lile. Kero, ndiyo, lakini ya chuma: chukua futi kamba ukapime. Fungueni swichi zenu mbili mtuoneshe milimita ziko wapi.

Najua mnachoogopa. Kundini njia huamuliwa na kiongozi, kwa hiyo mteja angenunua leseni moja ya juu na saba za chini, zote nane zikala kwa kijiko kimoja. Hofu hiyo ina haki yake. Hata hapa hakuna mzigo unaopita bure. Basi semeni kwamba ni ushuru, tuujadili kama ushuru, badala ya kuusingizia ufundi.

Na kama mpaka huo lazima uwepo, tunaomba uwe mpaka kamili. Leteni kizuizi na muhuri. Leteni ofisa wa kumwambia fundi arudi kesho. Wabadilisha fedha msihangaike kuwatafuta, wapo wa kutosha, kwacha na shilingi. Kiti cha ofisa nacho tumeshakipima, kinaenea kati ya kabati na ukuta, ilimradi asiwe mnene.

Wenu katika kusubiri,
Mvuta nyaya, Tunduma